Wifi Yangu Alitupima Vidole Siku ya Pasaka

Mpendwa Shangazi Nevena,

Naomba msaada wako, na naomba unisamehe mapema kwa mwandiko huu maana nakuandikia ndani ya gari la mafunzo, nimeliegesha nyuma ya soko, mwanafunzi wangu wa saa tano amechelewa, na tangu asubuhi nimecheka mara tatu na kulia mara mbili bila mtu yeyote kunisemesha. Nina mimba, Shangazi! Wiki ya kumi! Jana nililia taa ya barabarani ilipogeuka kijani kwa sababu niliiona nzuri mno, na magari nyuma yangu yakapiga honi kama yako harusini.

Nina miaka thelathini na tisa, nafundisha udereva hapa hapa Kazanlak, mume wangu Svetlozar ni fundi wa lifti, na tuna binti mmoja, Ralitsa, wa miaka tisa, ambaye ndiye utamu wa maisha yetu na ambaye ana usonji, tuliambiwa alipokuwa na miaka mitano, na siku hiyo hiyo tuliyoambiwa yeye alimuuliza daktari kwa nini saa ya ukutani kwake inachelewa dakika saba na haoni aibu. Baada ya Ralitsa nilipoteza mimba mbili. Nilikuwa nimeshaambiwa zamani kwamba ovari zangu zina vifuko vidogo vingi na kwamba ile homoni ya kiume iko juu mwilini mwangu kuliko kwa wanawake wengi, ndiyo maana nina nywele tatu ngumu kidevuni, Svetlozar amezipa majina ya mabeki wa timu yake, kwa hiyo mwezi wa tatu nilipojipima nikaona vile vistari viwili nilipiga kelele bafuni mpaka jirani wa chini akagonga bomba. Daktari wangu, Daktari Haralampieva, akaniandikia vidonge vya projesteroni, homoni ya kusaidia mimba ishike, kama vile vile nilivyotumia nikiwa na mimba ya Ralitsa, nami nikavimeza kila jioni kama peremende, huku naimba.

Sasa twende kwenye Pasaka. Tulikula kijijini kwa wakwe zangu, na wewe unajua Pasaka inavyokuwa, mayai mekundu, mkate mtamu, kondoo, na kugonganisha mayai mpaka libaki moja lisilopasuka, na mwenye hilo moja anatamba mwaka mzima. Kwetu anayetamba ni Plamen, mume wa wifi yangu Zornitsa, miaka kumi na moja mfululizo, na kila mwaka anatueleza siri ni kiganja. Ralitsa hakuamini habari ya kiganja. Tangu Januari alikuwa anakwenda kwa bibi yake kila Jumamosi na daftari, anaandika kuku yupi ametaga, ana umri gani, yai lina ncha kali kiasi gani, na alipata jibu lake kwa mtetea mdogo mweusi ambaye hakuna mtu aliyekuwa anamjali. Akaja mezani na yai moja tu, amelifunga kwenye soksi. Akapasua la babu yake, la bibi yake, la baba yake, la Zornitsa, langu mara mbili, na sisi tunapiga makofi, tunamshangilia, mpaka akafika kwa Plamen.

“Kristo amefufuka!” Plamen akasema, akalinyoosha lake.

“Kweli amefufuka,” Ralitsa akajibu, “lakini hilo si yai.”

“Ni nini basi, mpenzi wa mjomba?”

“Ni mti. Yai likigongwa linasema tik. Lako linasema tok. Mwaka jana pia lilisema tok, lakini nilikuwa sina uhakika.”

Mama mkwe akalinyakua, akalikwangua kwa kisu cha mkate. Rangi ikatoka, ubao ukaonekana. Shangazi, baba mkwe alicheka mpaka meno yake ya bandia yakaingia kwenye bakuli la mtindi, na mama mkwe akawa anampiga Plamen na kitambaa cha meza, “Miaka kumi na moja! Kwenye meza yangu! Siku ya Ufufuko!” na Plamen anakimbia kuzunguka kiti, na mimi nimeshika tumbo nasema jamani niacheni nitazaa leo.

Aliyekuwa hacheki ni Zornitsa. Alikuwa mwekundu kuliko mayai. Alitoa simu, akatelezesha kidole weee, halafu akasema, “Haya, kwa kuwa leo ni siku ya wataalamu, nyoosheni mikono, kuna kipimo hapa.” Akachukua rula kwenye mkoba wa Ralitsa, akaanza kutupima kidole cha pete na kidole cha shahada, mmoja mmoja, anaandika nyuma ya kalenda. Tuliona ni mchezo. Baba mkwe alikatwa nusu ya kidole cha pete na mashine kiwandani, akanyoosha mkono akauliza, “Na mimi mwenye hisa nusu unaniandikaje?” Mama mkwe akasema muandike mhuni. Mimi nilicheka kuliko wote, na mkono wangu niliutoa mwenyewe, Shangazi, hapo ndipo ninapojichukia.

Alipofika kwa Ralitsa akapima mara mbili.

“Ona. Cha pete kimepita cha shahada.”

“Ndiyo nini?” mama mkwe akauliza.

“Ndiyo homoni ilimzidi tumboni. Ya kiume. Wanasayansi wamesema ikizidi, mtoto anatoka na usonji. Mama mwenyewe ana ndevu, halafu akabugia vidonge juu yake, mlitegemea nini?” Akanitazama. “Na sasa hivi anabugia tena.”

“Zornitsa!” Svetlozar akasema.

“Nini? Nasoma tu kilichoandikwa.”

Ralitsa alikuwa bado ameukunjua mkono wake juu ya kitambaa, anauangalia.

“Mama,” akasema, “mimi nilitoka vibaya?”

Na unajua nilimjibu nini mtoto wangu? Nilimwambia, “Kula mkate, mpenzi.” Basi. Kula mkate.

Kesho yake nikasoma kwenye simu kila kitu nilichokipata, vingine vinasema ndiyo, vingine hapana, vingine vinauza unga wa mbegu, na jioni ile nikashindwa kumeza kidonge. Nilikishika mkononi mpaka kikaanza kuyeyuka. Sikutaka Svetlozar akione kwenye pipa la taka, nikakisukuma kwa kidole ndani ya chungu cha jereniamu pale dirishani jikoni. Jioni iliyofuata hivyo hivyo. Leo ni Alhamisi, jereniamu imekula vidonge vitatu na ikifika saa moja itakula cha nne, na mume wangu jana ameisimamia mikono kiunoni akasema, “Hili ua mwaka huu limependeza, umelipa nini?” nikacheka mpaka nikakaa chini, naye akacheka kwa sababu mimi nacheka, na ndani ya kicheko kile nilikuwa nataka kufa.

Usidhani naogopa kupata mtoto mwingine kama Ralitsa. Ningechukua kumi kama yeye, ila nyumba yetu ina vyumba viwili. Ninachoogopa ni kitu kingine, na sijamwambia mtu. Yapo mambo yanayomuumiza kwelikweli. Anaziba masikio sokoni mpaka kucha zinaacha alama. Kuna asubuhi soksi ikiwa na mshono analia nusu saa kama amevunjika mguu. Darasani kwao kulikuwa na sherehe ya kuzaliwa, watoto ishirini na wawili walialikwa, darasa lina watoto ishirini na watatu. Nimebeba yote hayo nikisema ndivyo alivyo, ndivyo Mungu alivyomleta. Sasa kila nikimwangalia nasikia sauti ya Zornitsa, ni wewe, ni tumbo lako, ni vidonge vyako. Je, ni mimi niliyemfanya vile? Na huyu wa sasa, nikimeza namharibu, nisipomeza nampoteza? Na Svetlozar nimwambie nini, na Ralitsa nimwambie nini, maana tangu Jumapili hajauliza tena, na yeye si mtoto wa kusahau swali.

Mwanafunzi amefika, amevaa miwani ya jua na mvua inanyesha, Mungu atusaidie. Namba yangu ya simu ipo nyuma ya bahasha, usiichapishe.

Wako,
Mwenye Vidole, Kazanlak

*

Binti yangu,

Barua za wasomaji mimi huzisoma Jumatatu, nimekaa, na kahawa mkononi. Yako uliitumbukiza mwenyewe kwenye sanduku letu Alhamisi mchana, na niliifungua nikiwa nimesimama kwa sababu bahasha ilikuwa na muhuri wa shule ya udereva, nikadhani nimepata faini. Nilipofika kwenye jereniamu nikavua miwani na kunyanyua simu. Wasomaji wengine wanisamehe, sijawahi kumfanyia mtu hivi katika miaka kumi na tisa ya ukurasa huu, lakini kuna barua za kujibiwa wiki ijayo na kuna barua za kujibiwa sasa hivi. Yaliyofuata nayaandika kwa ruhusa yako, majina nimeyabadilisha, na usije ukalalamika kwamba nimekuaibisha, kwa sababu nakusudia kukuaibisha kidogo.

“Nani?” ukauliza.

“Nevena wa gazeti. Mpigie daktari wako.”

“Sasa hivi? Nina mwanafunzi anarudi nyuma.”

“Mwambie asimame.”

“Kamen, simama. Simama, nimesema! Hicho ni kibanda cha watu!”

Nikasikia breki, nikasikia mwanamke akitukana kwa ufundi mkubwa, halafu nikakusikia unacheka na kulia kwa pamoja. Nikakwambia maneno ambayo nayarudia hapa kwa kila mama anayesoma: dawa ya mimba aliyoiandika daktari haiachwi kimyakimya kwa sababu wifi amesoma kitu kwenye simu. Una wasiwasi? Ni haki yako. Mpelekee wasiwasi huo aliyekuandikia. Ukaniuliza kama atakugombeza. Nikakwambia natumaini hivyo.

Ulikwenda saa tisa. Svetlozar ulimwambia kwenye korido ya kliniki, mbele ya wanawake sita, na hapo nakupa heshima yako, ungeweza kuendelea kuficha. Akakutazama, akasema, “Siku zote hizo? Na mimi naisifia?” Kisha akakaa kwenye ngazi, akashika kichwa, mpaka mlipoitwa. Alikasirika mpaka Ijumaa jioni. Muache akasirike, mpenzi wangu. Na yeye alizipoteza zile mimba mbili, hukuwa peke yako, na mara ya tatu ulimfungia mlango. Hilo la mlango ndilo kosa lako, si ndevu wala vidole.

Daktari akakupima. Moyo wa mtoto unapiga, mbio kama cherehani. Akakwambia urudie vidonge jioni hiyo hiyo kama alivyoandika, kisha akaongeza kwamba siku nyingine ukitaka kuacha dawa umpigie yeye kwanza, maua hayana leseni ya kutibu. Nimempenda mwanamke huyo.

Sasa yale ya sayansi. Mimi ni mwandishi, si daktari, kwa hiyo nilimtafuta daktari mstaafu wa watoto ninayemfahamu, mzee Asparuh, nikamnunulia keki mbili na kumsomea barua yako. Alipofika kwenye yai la mti alicheka mpaka akapaliwa, kisha akawa makini. Akasema wifi yako hakuitunga habari hiyo, ila ameisoma nusu. Wapo watafiti waliopima homoni katika maji ya uzazi, wakawafuatilia watoto walipokua, wakaona kwamba pale testosteroni ilipokuwa juu kidogo, tabia fulani zinazofanana na za usonji nazo zilikuwa juu kidogo. Wapo wengine waliopima wasione kitu. Wapo walioona kwamba akina mama wenye ovari kama zako wana uwezekano mkubwa kidogo wa kupata mtoto mwenye usonji, na bado watoto wao walio wengi hawana. “Kidogo, labda, kwa wastani,” mzee akasema, akinihesabia kwa uma. “Hayo maneno matatu ndiyo watu huyaruka.” Projesteroni ni homoni nyingine, mwili wa mama wenyewe huimwaga kwa wingi wakati wa mimba, na yeye hajaona ushahidi wowote wa kumfanya mwanamke aliyepoteza mimba mbili aitupe.

Na rula? Nilimuuliza habari ya rula, akanyoosha mkono wake juu ya meza. Kidole chake cha pete kimekizidi cha shahada kwa ukucha mzima. Tukampima na mhudumu aliyeleta keki, vivyo hivyo. Ukiwapima watu elfu unaweza kupata wastani wa kubishania. Ukimpima mtoto mmoja mezani unapata urefu wa vidole vyake, basi.

Akaniambia pia nikuulize kama katika ukoo wenu kuna mtu wa namna ya Ralitsa, kwa sababu urithi katika usonji una nguvu kubwa kuliko vitu vingi tunavyovihangaikia. Nilipokuuliza kwenye simu ukasema, “Baba mkwe ana makopo mia moja na arobaini ya misumari, kila kopo na urefu wake, na Zornitsa hawezi kula chakula kilichogusana na kingine sahanini.” Ukapiga kelele. Nami nikapiga. Basi muache kwanza, usikimbilie kumwambia, hiyo nayo ni silaha, na mezani kwenu zimetosha.

Ulichoniuliza hasa lakini si sayansi. Umeuliza kama ni wewe. Nikuambie kweli, hakuna mtu duniani anayeweza kukuonyesha kwa nini Ralitsa ni Ralitsa, si mzee Asparuh, si simu ya wifi yako. Labda tumbo lako lilichangia kitu. Tumbo huchangia kila kitu, ndiyo kazi yake. Kuchangia si kukosea. Ulimeza dawa uliyopewa ili mtoto aishi, naye akaishi, na sasa anaujua umri wa kila kuku kijijini. Maumivu yake sokoni ni ya kweli, mnunulie vile vya kuziba masikio badala ya kukaa unatafuta mwenye hatia. Soksi zisizo na mshono zipo. Na ile sherehe ya watoto ishirini na wawili haikutoka tumboni mwako, ilitoka kwa mama mmoja asiye na adabu, na ningependa sana kupata namba yake.

Lililonichoma ni “kula mkate.” Mtoto ameuliza swali kubwa kuliko yote aliyowahi kuuliza, ukampa mkate. Nilikupa mpaka Jumapili umjibu, nawe Jumatatu ukanipigia ukiwa hoi kwa kicheko, ukanisimulia.

Ulimkalisha jikoni, ukamwambia, “Uliniuliza kama ulitoka vibaya. Hukutoka vibaya. Nilipaswa kukujibu siku ile ile.”

“Ndiyo, ulipaswa,” akasema. “Na vidonge?”

“Hakuna ajuaye kwa hakika kwa nini mtu mmoja ana usonji na mwingine hana. Bado wanachunguza.”

“Basi shangazi Zornitsa angesema ‘bado wanachunguza.’ Ni maneno mawili tu.” Akafikiri. “Lakini wewe ndiye uliyenifanya?”

Ukasema ndiyo.

“Maana babu anasema pua ni ya baba,” akakueleza. “Na masikio ni ya bibi. Sasa wewe ulifanya nini?”

“Mengine yote.”

“Mengi hayo,” akasema, kama mkaguzi aliyeridhika, akaondoka zake.

Umeliogopa swali hilo wiki nzima, na mwenyewe alitaka tu kujua nani alishughulikia sehemu ipi. Kwa hiyo sikiliza, mambo yaliyobaki si mengi. Kidonge kila jioni mbele ya Svetlozar, si kwa kuwa hakuamini, ila mpate kucheka pamoja tena. Kliniki kila tarehe uliyopewa, na maswali uyaandike kabla ya kwenda, usiyatafute kwenye simu usiku ukiwa na njaa. Ralitsa ahusishwe na habari za mtoto huyu tangu sasa, apewe kazi yake, kuandika, kupima, chochote anachokipenda, maana mtoto kama yeye akiachwa nje ya mlango husikia kila kitu na kukipanga mwenyewe.

Na Zornitsa. Nimesikia amekutumia jamu ya waridi kwa mikono ya mama mkwe, bila barua. Ipokee. Lile yai la mti halikuwa lake, alikaa na mume mwongo mbele ya ukoo mzima unaocheka, akatafuta wa kumpasia aibu, akampata mtoto. Hilo si dogo, na unayo haki ya kumwambia hivyo, wewe na yeye peke yenu, ana kwa ana, bila Svetlozar kusimama katikati kama ukuta. Mwambie alichomfanyia Ralitsa, siyo alichokufanyia wewe. Kisha umpe kahawa.

Na siku akija tena mezani, akatoa simu na kuanza kusoma wanasayansi wamesema nini kuhusu watu wenye usonji, usibishane naye, usilie, usitoke kwenda dirishani. Mwambie, “Muulize Ralitsa, amekaa hapo.”

Nevena